Pumzi ya Mgonjwa Isingoje Mashine Kubwa

Hakuna kauli iliyo nzito kwa jamaa wa mgonjwa kama ile ya mganga anayetoka wodini na kuwaambia kwamba mapafu yameshindwa kazi na moyo nao unaanza kuchoka. Zamani kauli hiyo ilipokelewa kwa kimya na dua. Siku hizi hufuatwa na swali: je, hakuna mashine? Wananchi wa Moshi, Rombo, Hai, Siha, Mwanga na Same wamekwisha sikia kwamba iko mashine iwezayo kushika kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili, kwa siku au hata kwa wiki kadhaa, na mgonjwa akabaki hai. Wanauliza ni lini mashine hiyo itafika hapa chini ya Mlima.

Swali hilo ni halali, wala hatukubaliani na wale wanaolibeza kwa kusema kwamba mambo hayo ni ya mataifa tajiri. Uhai wa mkulima wa Kibosho hauna thamani ndogo kuliko uhai wa mtu wa London. Lakini liko swali jingine linalolitangulia hilo, na ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Mgonjwa wa Tarakea, wa Ndungu au wa Ngarenairobi anapofikishwa katika kituo cha afya saa nane za usiku, naye anahema kwa taabu, je, oksijeni ipo? Yupo mtu ajuaye kumpima na kumpa? Na gari litakalompeleka Mawenzi au KCMC, je, litampeleka akiwa bado anapata oksijeni hiyo njia nzima? Asiyefika hai kwenye mlango wa hospitali kubwa hatafaidi chochote kilichomo ndani yake.

Yafaa kwanza tuieleze mashine yenyewe, maana jambo lisiloeleweka aghalabu huogopwa au huabudiwa, na yote mawili ni hasara. Mpira mnene hupitishwa katika mshipa mkubwa wa paja au wa shingo. Pampu huivuta damu iliyopungukiwa na oksijeni na kuisukuma kwenye utando mwembamba. Hapo damu huachana na hewa ya kabonidayoksaidi na kupokea oksijeni, kisha hurudishwa mwilini ikiwa imepashwa joto. Ikiwa ni mapafu tu yaliyoshindwa, damu hurudishwa katika mshipa wa vena. Ikiwa na moyo nao umeshindwa, hurudishwa katika mshipa wa ateri ili pampu ibebe mzigo wa moyo. Kwa hiyo mashine hii haiponyi nimonia wala haizibui mshipa wa moyo. Inachofanya ni kumpa mgonjwa muhula, ili dawa zifanye kazi, au mwili ujitengeneze wenyewe, au waganga wapate nafasi ya kupasua.

Historia yake ni ndefu. Daktari John Gibbon wa Marekani aliianza safari hiyo baada ya kumhudumia mwaka 1931 mgonjwa aliyekufa kwa donge la damu lililoziba mapafu. Alihangaika kwa zaidi ya miaka 20. Tarehe 6 Mei, 1953, huko Philadelphia, alifaulu kuupasua moyo wa msichana wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake kwa muda wa dakika 26. Hiyo ilikuwa ni mashine ya chumba cha upasuaji, ya kutumika kwa muda mfupi. Kuifikisha kitandani kwa mgonjwa mahututi na kuitumia kwa siku nyingi kulitaka kazi ya miaka mingine mingi. Mwaka 1975, huko California, Daktari Robert Bartlett aliokoa kwa mashine ya namna hiyo mtoto mchanga aliyekuwa ameachwa na mama yake hospitalini. Wauguzi walimwita mtoto huyo Esperanza, yaani Matumaini.

Mwaka 2009 yalitangazwa nchini Uingereza matokeo ya uchunguzi mkubwa wa watu wazima walioshindwa vibaya kupumua. Katika wale waliopelekwa kwenye hospitali yenye mashine hiyo, asilimia 63 walikuwa hai bila ya ulemavu mkubwa baada ya miezi 6. Katika wale waliobaki kwenye matibabu ya kawaida walikuwa asilimia 47. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini katika uchunguzi huo huo limo jambo ambalo watu wengi hawalitaji: takribani robo ya wagonjwa waliopangiwa kupelekwa kwenye hospitali hiyo hawakuwekwa kwenye mashine kamwe. Wapo waliofariki kabla ya kufika au wakiwa njiani, na wapo waliopata nafuu kwa uangalizi mwema tu wa watu waliozoea kazi hiyo. Hata katika nchi tajiri, basi, safari ya kuifikia mashine yaweza kuua, na mikono ya wajuzi yaweza kuponya kabla ya mashine kuwashwa.

Tena mashine hiyo ina masharti mazito. Damu inapopita katika mipira hutaka kuganda, hivyo mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia isigande. Dawa ikipungua, madonge hutokea. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu, hata ndani ya ubongo. Ndiyo maana inatakiwa maabara isiyolala, akiba ya damu isiyokauka, umeme usiokatika, vifaa vinavyotumika mara moja na kutupwa, na zaidi ya yote muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo, asiyebanduka kitandani usiku na mchana. Hospitali iliyonunua mashine bila ya kutimiza masharti hayo itakuwa imenunua sanduku la gharama kubwa.

Hatusemi haya kuwavunja wananchi moyo. Taifa letu limekwisha onyesha kwamba elimu hiyo si ya Wazungu peke yao. Kwa miaka mingi Watanzania wenye maradhi ya moyo walikuwa wakipelekwa India, na wasiobahatika kupelekwa wakabaki wakingoja. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza kufanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Moyo uliosimamishwa ili upasuliwe hauwezi kusimamishwa pasipo mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu. Maana yake ni kwamba wamo humu nchini wataalamu wa Kitanzania wanaoijua mashine hiyo ya chumba cha upasuaji na kuiendesha. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini tutazame jinsi mafanikio hayo yalivyopatikana. Hayakupatikana kwa kuteremsha kreti bandarini. Yalipatikana kwa kuwasomesha madaktari, wauguzi, mafundi na wataalamu wa dawa ya usingizi kwa miaka mingi, na kwa kufanya kazi bega kwa bega na wageni wenye ujuzi hadi wenyeji wakaushika usukani. Watu walitangulia, mashine ikafuata. Somo hilo ndilo tungependa lizingatiwe na kila anayepanga mipango ya afya katika Mkoa huu.

Liko somo jingine, kutoka mbali kidogo, ambalo kila kiongozi wa serikali za mitaa angefaa kulijua. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulivamiwa na ugonjwa wa polio. Wagonjwa walipooza misuli ya kupumulia, na hospitali ilikuwa na mashine chache mno. Katika wagonjwa 31 wa kwanza walioshindwa kupumua, 27 walikufa. Ndipo Daktari Bjørn Ibsen, mtaalamu wa dawa ya usingizi, aliposhauri kwamba watobolewe njia ya hewa shingoni, na hewa isukumwe kwa mkono kutoka kwenye mfuko wa mpira. Mikono ilitoka wapi? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa muda wote wa balaa hilo, wakapokezana zamu usiku na mchana, kila mmoja ameketi kando ya mgonjwa akiuminya mfuko. Vifo vilipungua hadi kufikia takribani robo ya wagonjwa. Mahali pale na wakati ule ndipo wanahistoria wengi wa tiba husema chumba cha wagonjwa mahututi kilipozaliwa.

Tunaisimulia habari hiyo kwa sababu sisi, wana wa nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, tulifunzwa mapema kwamba msingi wa maendeleo ni watu, na kwamba fedha na mitambo ni matunda yake. Chumba cha wagonjwa mahututi hakikuanza kwa mtambo. Kilianza kwa watu waliopangwa vizuri, waliofundishwa kazi moja, na ambao hawakumwacha mgonjwa hata dakika moja.

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wa Kilimanjaro si mgeni katika mambo ya pumzi. Kibong'oto, kwenye miteremko ya magharibi, palianza mwaka 1926 kutunzwa wagonjwa wa kifua kikuu, na hadi leo hospitali hiyo inapokea watu wenye kifua kikuu sugu na wachimbaji walioharibiwa mapafu na vumbi la mawe. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, nayo ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya Kaskazini na chuo kilichowafunda waganga na wauguzi wasiohesabika. Mawenzi ni hospitali ya rufaa ya Mkoa, kimbilio la mnyonge wa mjini na wa vijijini. Machame, Kibosho, Kilema na Huruma ya Rombo ni hospitali zilizojengwa na mashirika ya dini ambazo wananchi wanazitegemea kila siku. Mikoa iliyojaliwa mtandao wa namna hii si mingi.

Tena unao Mlima wenyewe, ambao ni mwalimu. Katika Kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, nguvu ya hewa ni kama nusu tu ya ile ya pwani. Waongozaji na wapagazi wetu wa Marangu na Machame wanafahamu kwamba mtu akianza kukohoa povu, kuhema akiwa ameketi na kubadilika rangi ya midomo, mapafu yake yanajaa maji. Hawangoji helikopta ndipo waanze kazi. Humpa oksijeni kama ipo, na humteremsha papo hapo, iwe ni usiku, iwe ni mvua. Wengi wao hubeba kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, ambacho huonyesha kiasi cha oksijeni katika damu, na humpima mtalii asubuhi na jioni.

Hapa ndipo penye jambo la kutafakari kwa uchungu. Mtalii mwenye afya tele hupimwa kidole mara mbili kwa siku akiwa mlimani. Je, mtoto mwenye nimonia aliyelazwa wodini chini ya mlima huo huo, naye hupimwa mara ngapi? Kifaa ni kile kile. Hakihitaji umeme wa gridi wala daktari bingwa. Oksijeni katika damu ikishuka chini ya asilimia 90, mgonjwa anahitaji kupewa oksijeni, na jicho la mtu, hata liwe kali namna gani, mara nyingi halioni upungufu huo mpaka umekuwa mkubwa.

Wala hatusemi jambo hili kwa kubahatisha. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukihusisha wagonjwa wapatao 20,000. Ilionekana kwamba mgonjwa 1 katika kila 8 waliolazwa alikuwa mahututi. Takribani 7 kati ya 10 katika hao mahututi walikuwa katika wodi za kawaida. Zaidi ya nusu hawakuwa wakipata huduma za msingi za kuokoa maisha, na katika wale walioshindwa kupumua, waliokuwa wakipewa oksijeni walikuwa chini ya nusu. Bara zima, basi, linapoteza watu kwa kukosa kitu ambacho si cha ajabu.

Huduma za msingi tunazozitaja zinajulikana. Mwaka 2021 wataalamu wa mataifa mbalimbali, wakiwamo Watanzania, walikubaliana juu ya orodha ya kazi 40 ambazo kila hospitali inapaswa kuweza kumfanyia mgonjwa mahututi wakati wowote. Hakuna katika kazi hizo inayotaka mashine ya moyo na mapafu. Ni kumpima mgonjwa mapigo, pumzi na oksijeni, kumlaza ubavu ili asisongwe na matapishi, kufyonza makohozi, kumpa oksijeni, maji ya mshipani na dawa kwa wakati, na kumwita mwenye ujuzi zaidi hali inapobadilika. Oksijeni yenyewe imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziifikishe kwa watu wao.

Atakayedhani kwamba mambo madogo hayaleti matokeo makubwa aangalie yaliyotokea hapa hapa nchini. Wakunga katika hospitali 8 za Tanzania walifundishwa kumkausha mtoto mchanga asiyelia, kumsugua mgongo, na kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago katika dakika ya kwanza ya uhai wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mfuko ule ni ndugu wa mfuko wa Copenhagen. Umri wa mgonjwa ndio uliotofautiana. Hekima ilikuwa moja.

Serikali haikulala. Mwezi Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa Shilingi trilioni 1.3, uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, wa kupambana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya kuzalisha oksijeni katika hospitali za nchi yetu. Kazi hiyo inastahili sifa. Lakini kujenga ni nusu ya kazi. Mtambo wa oksijeni hula umeme, huchoka chujio, hutaka fundi na vipuri. Chumba cha wagonjwa mahututi hutaka wauguzi wa zamu tatu, siku 365 za mwaka, sikukuu na siku za mvua. Deni la mkopo litalipwa na Watanzania wote. Kwa hiyo mtambo utakaonyamaza kwa kukosa kipuri utakuwa umewaibia mara mbili.

Shirika la Afya Duniani limewahi kuonya kwamba katika baadhi ya nchi sehemu kubwa ya vifaa vya hospitali vinavyotolewa kwa msaada haifikii kutumika kabisa. Sababu zake si za siri. Mashine huja bila kitabu cha maelezo, au kitabu kimeandikwa kwa lugha isiyojulikana. Umeme wake si wa hapa. Vipuri vyake havipatikani. Na aliyefunzwa kuiendesha amehamishwa. Nasi tunajua udhaifu mmoja wa viongozi wetu. Mashine kubwa hukatiwa utepe, picha zikapigwa, hotuba zikatolewa. Hajasikika kiongozi aliyekata utepe wa mtungi uliojazwa upya, wala wa bomba lililozibwa lisivuje, wala wa muuguzi aliyemaliza mafunzo ya kumhudumia mahututi. Na hivyo vitatu ndivyo vinavyookoa watu usiku wa manane.

Watakuwapo watakaotushutumu kwamba tunawataka maskini waridhike na mitungi, huku wenye uwezo wakipanda ndege kwenda kwenye mashine za ng'ambo. Shutuma hiyo tunaijibu waziwazi. Hatutaki tiba mbili, moja ya mwenye nacho na nyingine ya kabwela. Tunataka siku moja mashine ya moyo na mapafu ya kitandani itumike kwa mtoto wa mkulima wa Kanda ya Kaskazini pasipo baba yake kuuza kihamba. Lakini njia ya kuifikia siku hiyo hupita katika wodi za kawaida. Muuguzi asiyezoea kupima na kuandika oksijeni ya mgonjwa kila baada ya saa chache hawezi kesho kukabidhiwa damu ya mtu inayozunguka nje ya mwili. Hospitali inayokosa umeme wa akiba kwa ajili ya taa haiwezi kuahidi umeme wa pampu. Anayejenga orofa huanzia msingi, na hakuna aliyemwita mjenzi wa msingi adui wa orofa.

Kuna pia suala la malipo. Mgonjwa wa pumzi hana nafasi ya kungoja risiti. Kipimo cha kidoleni na oksijeni ya saa za kwanza visicheleweshwe kwa sababu jamaa wamekwenda kutafuta fedha. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ni matumaini yetu kwamba katika kuitekeleza, oksijeni na huduma za dharura hazitafanywa kuwa nyongeza ya wenye kadi za juu. Mwananchi atakayeichangia bima hiyo kwa jasho la kahawa, ndizi na mahindi ana haki ya kukuta mtungi umejaa.

Kwa upande wa wananchi, iko dhana moja ambayo lazima ing'olewe. Wengi huamini kwamba mgonjwa akiwekewa oksijeni ndiyo mwisho wake, na wapo wanaokataa kinyago au kumnyang'anya mgonjwa wao. Dhana hiyo ina chanzo chake: kwa muda mrefu oksijeni ilikuwa haba, ikapewa wale tu waliokuwa wanakata roho, nao wakafa, lawama ikaangukia mtungi. Oksijeni haiui mtu kwa sababu imewekwa mapema. Kinachoua ni kuchelewa. Mashehe misikitini, mapadri na wachungaji makanisani, na wajumbe wa nyumba kumi wanaweza kuifuta dhana hii kwa haraka kuliko bango lolote. Dini zetu zote zinaihesabu roho kuwa ni amana, na kuilinda amana kwa sababu zilizopo si kupingana na kudura ya Mwenyezi Mungu.

Tunapendekeza mambo machache, yanayowezekana kuanzia katika bajeti zijazo za halmashauri zetu.

Kwanza, kila wodi, kila kituo cha afya na kila gari la wagonjwa katika Mkoa huu viwe na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinachofanya kazi, na kipimo hicho kiandikwe katika kadi ya kila mgonjwa aliyelazwa, kama joto la mwili linavyoandikwa.

Pili, halmashauri zitenge fungu lisiloguswa la kujaza mitungi, kulipia umeme wa mitambo ya oksijeni, kununua vipuri na kuwaajiri mafundi wa vifaa tiba. Fungu hilo lisihamishiwe kwenye posho wala kwenye safari.

Tatu, muuguzi aliyefunzwa kuhudumia mahututi asihamishwe ovyo kupelekwa idara nyingine. Ujuzi wake ni mali ya umma. KCMC na Mawenzi zipange utaratibu wa kudumu wa kuwapokea wauguzi wa hospitali za wilaya na za mashirika ya dini ili wajifunze kitandani, kisha warudi kufundisha wenzao.

Nne, asiwepo mgonjwa atakayetolewa Same au Rombo kuja Moshi pasipo simu kutangulia, mtungi wenye oksijeni ya kutosha safari nzima, na muuguzi wa kumwangalia njiani. Rufaa bila oksijeni ni kumhamisha mtu kutoka mauti ya hapa kwenda mauti ya njiani.

Tano, wananchi wachangie damu bila kungoja ndugu yao alazwe, wawahishe hospitali mtoto anayehema mbavu zikibonyea, na wawaulize madiwani wao katika mikutano ya hadhara: mtungi wa zahanati yetu ulijazwa lini? Diwani asiyeweza kujibu swali hilo arudi akaulize.

Na hao walio katika uongozi wa Chama, kuanzia tawi hadi Mkoa, wanapokagua utekelezaji wa Ilani wasiishie kuhesabu majengo. Waingie wodini usiku bila kupiga hodi ya wiki nzima. Waombe kuonyeshwa oksijeni ikitoka. Wahesabu wauguzi wa zamu. Jengo lililopakwa rangi laweza kumdanganya mgeni. Mtungi mtupu haumdanganyi mtu.

Usiku wa kuamkia uhuru wetu, Desemba 1961, Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro ili uangaze nchi nzima na ulete matumaini pale ambapo hayapo. Maadui waliotangazwa wakati ule walikuwa watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Adui maradhi bado anapiga kambi katika wodi ambako mtu hufa kwa kukosa hewa ilhali hewa ipo. Mashine ya moyo na mapafu itakuja, na ikija tuipokee tukiwa na watu wa kuiendesha. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo, kazi ya kwanza inabaki ile ile: kila mgonjwa anayehema kwa taabu katika Mkoa huu apimwe, apewe oksijeni, na asiachwe peke yake. Kazi hiyo haingoji mfadhili. Inangoja uamuzi wetu.